Usipoziba ufa: habari ya majumba mawili ya Mizingani

Juma hili naomba tuziache kidogo bei za sukari na malumbano ya wanasiasa, tuzungumzie majumba. Yale mapya ya vioo yanayochomoza kila kona ya miji yetu tutayapa siku yake. Leo nazungumzia majumba ya zamani, yale ambayo babu zetu waliyakuta au waliyajenga kwa mikono yao, na ambayo sisi tunapita chini ya roshani zake kila siku bila kuinua macho.

Nimechagua mawili tu, na yote mawili yako Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwenye barabara ile ya Mizingani inayofuata ufukwe. Ukishuka kwenye boti kutoka Dar es Salaam na kutoka nje ya lango la bandari, jumba la kwanza utakalolikabili ni lile linaloitwa Zahanati ya Zamani. Ukiendelea na safari yako, ukaupita ule mti mkubwa na jumba la Beit al-Sahel, utafika Forodhani, mahali lilipo Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Majumba haya ni kama ndugu wa kuzaliwa pamoja. La Forodhani lilijengwa mwaka 1883, na la bandarini liliwekewa jiwe la msingi mwaka 1887. Yamepigwa na upepo mmoja wa bahari, yamenyeshewa masika yale yale, yamepita chini ya serikali zile zile.

Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, mchana wa sikukuu ya Krismasi, sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib pamoja na mnara wake wa saa iliporomoka. Mafundi walikuwa humo kazini, kwa kuwa jumba lilikuwa katika matengenezo, na watu wawili walipoteza maisha. Zahanati ya Zamani, kwa upande wake, imesimama, rangi yake mbichi na mbao zake zimenyooka. Swali langu la leo ni hili: ndugu wawili wa umri mmoja, wamekaa mtaa mmoja, kwa nini mmoja aanguke na mwingine asimame?

Kabla ya kujibu, hebu tuyafahamu kwanza majumba yenyewe. Mara nyingi tukisikia habari za majumba ya enzi ya Malkia Victoria wa Uingereza, aliyetawala tangu mwaka 1837 hadi 1901, mawazo yetu huruka moja kwa moja hadi London. Tunasahau kwamba enzi ile ilifika mpaka hapa kwetu. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, safari ya meli kutoka Ulaya ilifupika. Mwaka 1879 waya wa simu uliopita chini ya bahari ukaiunganisha Zanzibar na Aden, na kutoka hapo na ulimwengu. Sultani wa wakati huo, Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alikuwa mtu aliyeona mengi. Alipokuwa kijana alipelekwa uhamishoni Bombay. Baadaye, mwaka 1875, alikwenda Uingereza na Ufaransa kama mgeni wa heshima. Aliporudi alikuwa na mawazo mapya kuhusu maji ya bomba, taa, na namna ya kujenga.

Sasa, ili uelewe ajabu ya jumba alilolijenga, lazima ujue namna nyumba za mawe za pwani yetu zilivyokuwa zikijengwa. Ukuta ulikuwa wa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, unene wake kiasi cha nusu mita au zaidi. Dari ilibebwa na boriti za mikoko. Mkoko, msikilizaji, ni mti imara, lakini haukubali kufanywa boriti ndefu. Ukipita mita tatu hivi, huanza kulegea. Kwa hiyo chumba cha Mswahili na cha Mwarabu kilikuwa chembamba na kirefu, na upana wake uliamuliwa na mti kutoka kwenye mikoko. Uwe tajiri au maskini, boriti ilikuwa ile ile. Tajiri aliongeza idadi ya vyumba, kuvipanua hakuweza.

Sayyid Barghash alivunja amri hiyo ya mkoko. Kwa jumba lake aliagiza chuma. Zikaletwa nguzo za chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, pamoja na mihimili ya chuma ya kubebea dari. Kwa nguvu ya chuma hicho kumbi zikawa pana kuliko zozote zilizokuwa mjini, na kuzunguka jumba zima zikapangwa baraza kubwa, ghorofa juu ya ghorofa, zenye kivuli na upepo. Katikati ukaachwa uwanja wa ndani, kama desturi ya nyumba zetu, lakini mkubwa kupita kiasi. Milango ikachongwa nakshi na maandishi ya Kurani. Hivyo mifupa ya jumba ilikuwa ya viwanda vya Ulaya, na roho yake ikabaki ya pwani. Jumba halikuwa la kulala. Lilikuwa la karamu na kupokelea wageni, la kumwonyesha balozi wa kigeni kwamba hapa pana dola. Daraja zilizoezekwa ziliunganisha orofa zake na majumba jirani, ili akina bibi wa nyumba ya kifalme wapite bila kuonekana na watu wa barabarani. Taa za umeme ziliwashwa humo wakati watu wengi mjini wangali wakitumia vibatari, na wenyeji wakalipa jina wenyewe: Jumba la Maajabu.

Halafu zikaja kazi zake nyingine, na hapa ndipo penye kisa. Tarehe 27 Agosti 1896, baada ya kifo cha Sayyid Hamad bin Thuwaini na Sayyid Khalid bin Barghash kukikalia kiti bila ridhaa ya Waingereza, manowari zao ziliyapiga majumba ya kifalme kwa mizinga. Vita ile haikufika saa moja, lakini kwa upande wa jumba watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm iliyokuwa jirani iliharibika kabisa. Mnara wa taa uliokuwa na saa, ambao ulisimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, ukavunjika. Jumba lenyewe lilipata madhara madogo tu. Katika matengenezo ya mwaka uliofuata, mnara mpya wa saa ukapandishwa juu ya uso wa jumba. Yaani ule mnara ambao watu wengi waliujua kwenye picha na kadi za posta haukuwemo katika jengo la mwaka 1883. Ulikuwa mzigo ulioongezwa baadaye.

Ghorofa ya juu ikawa makazi ya masultani kwa muda. Mwaka 1911 jumba likageuzwa kuwa ofisi za serikali ya himaya ya Kiingereza, na makarani na mafaili yakahamia mahali palipokuwa na mazulia. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 likawa mali ya umma, na katika miaka ya 1970 likatumika kama chuo na makumbusho ya chama cha Afro-Shirazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likafunguliwa kuwa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili, na katika uwanja wake wa ndani ukajengwa mtepe, ile jahazi ya zamani iliyoshonwa kwa kamba bila msumari. Mwishoni mwa mwaka 2012 sehemu ya jengo ikaanguka, milango ikafungwa kwa usalama wa watu. Miaka minane baadaye, kazi ya matengenezo ikiendelea kwa msaada wa Oman, likatokea lile tulilokwisha kulitaja.

Turudi bandarini sasa, kwenye jumba la pili. Hili halikujengwa na sultani. Lilijengwa na mfanyabiashara wa Kihindi, Tharia Topan, aliyekuja Zanzibar kutoka Kutch akiwa bado mdogo, akapanda ngazi hadi akawa msimamizi wa forodha ya sultani na mmoja wa matajiri wakubwa wa pwani nzima. Utajiri wake si jambo la kufichwa. Ulitokana na ushuru, karafuu na pembe za ndovu, na ndiye aliyemkopesha mali Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, kwa ajili ya misafara ya bara hadi Kongo. Tippu Tip mwenyewe amemtaja katika habari za maisha yake alizozieleza kwa Kiswahili. Na kila mmoja wetu anajua misafara ile ilibeba nini pamoja na pembe.

Mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya utawala, Tharia Topan aliweka jiwe la msingi la hospitali ya maskini kwa kuadhimisha jubilei hiyo. Baadaye Malkia akampa cheo cha heshima cha Sir. Hakuiona kazi ikikamilika. Alifariki Bombay mwaka 1891, na jumba likamalizika mwaka 1894.

Ukilitazama utadhani limefumwa kwa sindano badala ya kujengwa kwa mwiko. Uso wake wote ni roshani za mbao zilizotobolewa nakshi kama lasi ya gauni la harusi, kazi ya mafundi wa Kihindi. Juu ya madirisha pana vioo vya rangi. Lipu ya kuta imefinyangwa maua na mashada kwa mtindo wa Ulaya. Lakini ingia ndani: pana uwanja katikati, na vyumba vimeuzunguka, kama nyumba yoyote ya ukoo hapa pwani. Ukuta ni ule ule wa mawe na chokaa. Kwa hiyo katika jumba moja umekutana na Uingereza ya Victoria, Gujarat na Unguja, na hakuna aliyemfukuza mwenzake.

Hospitali iliyokusudiwa haikupatikana kama ilivyokusudiwa. Kufika mwanzo wa karne ya 20 jengo lilikuwa limenunuliwa kwa wakfu wa mfanyabiashara mwingine, Haji Nasser Nurmohamed. Chini ikafunguliwa zahanati ya kutoa dawa kwa sadaka, na juu zikawa nyumba za kuishi. Ndiyo maana wazee wengine mpaka leo huliita zahanati ya Ithnaasheri. Kwa zaidi ya miaka 60 mtu mwenye homa alijua mlango wa kubisha. Baada ya mwaka 1964 jengo likaingia mikononi mwa serikali, zahanati ikaondoka, na jumba likaachwa. Mbao zikaanza kuoza, paa likavuja, na waliolipita miaka ya 1980 waliliona gofu zuri, lakini gofu hata hivyo. Katika miaka ya 1990 taasisi ya utamaduni ya Aga Khan ikalikodi, ikalikarabati kipande kwa kipande, mafundi vijana wakafundishwa humo kazi ya chokaa na ya mbao, na jumba likafunguliwa upya kuwa kituo cha utamaduni chenye maduka na ofisi.

Basi sasa tujibu swali letu. Wako watakaosema: majumba ya zamani huanguka kwa sababu ni ya zamani. Kila kitu kina ajali yake. Mimi sikubali, na nitakupa sababu zangu.

Ukuta wa matumbawe na chokaa haufi kwa uzee. Yako magofu ya misikiti katika pwani hii yenye umri wa miaka 600 na zaidi ambayo kuta zake bado zimesimama. Adui wa ukuta ule ni maji. Chokaa hupumua, msikilizaji. Ukuta ukilowa mvua leo, kesho jua likitoka unyevu hutoka taratibu, mambo yakaisha. Lakini paa likivuja mahali pamoja kila masika, maji huingia ndani ya ukuta kutoka juu, yakaosha udongo na chokaa vinavyoshika mawe, ukuta ukabaki ngozi mbili zenye tumbo tupu. Kwa nje utauona mzima. Boriti nazo huoza pale pale zilipochomekwa ukutani, mahali jicho halifiki. Chuma nacho kina ugonjwa wake. Hewa ya bahari ina chumvi. Chuma kikishika kutu huvimba, na kikivimba hupasua jiwe lililokishika.

Kisha huja dawa inayoua mgonjwa. Mtu anaona ufa, anakwenda dukani kununua mfuko wa saruji, anaupiga ukuta lipu ngumu, anapaka rangi ya mafuta. Kwa jicho amemaliza kazi. Kumbe amemfunga ukuta pumzi. Unyevu ulioko ndani haupati pa kutokea, chumvi inajikusanya, na nyuma ya ile saruji inayong'aa chokaa inageuka unga. Fundi wa chokaa anayejua kazi yake atakwambia kwamba saruji kwenye nyumba ya matumbawe ni kama kumvika mtu koti la mvua siku ya joto na kumkataza kulivua.

Sasa, dawa ya haya yote ni ndogo sana, na hapo ndipo panaponiuma. Ni mtu mmoja kupanda juu ya paa kabla ya masika, kuzoa majani kwenye gata, kuziba tundu la bati. Ni chokaa mpya kila baada ya miaka michache. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sidhani walikuwa wakisema mafumbo. Nadhani walikuwa wakizungumza habari ya nyumba.

Lakini nani apande juu ya paa? Hilo ndilo swali lenyewe. Wakati wa sultani alikuwapo mtu wa kazi hiyo. Wakati wa wakfu walikuwapo wasimamizi wa wakfu. Baada ya Mapinduzi nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali, zikagawiwa wananchi kwa kodi ndogo. Ilikuwa haki watu waliokuwa wakiishi vibanda wapate kuta na dari. Hata hivyo, nyumba moja ikawa na familia tano au sita, kila moja na chumba chake, na paa likawa la wote. Na sote tunaijua mali ya wote inavyotunzwa: kila mmoja anamngojea mwenzake. Mpangaji anasema hilo ni la serikali. Serikali inasema fungu halipo mwaka huu. Na mvua haijui bajeti. Kwa sababu hiyo nyumba zikaanza kuanguka moja moja, hadi ilipoundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe mwaka 1985, na mwaka 2000 mji mzima ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Ukiyalinganisha majumba yetu mawili, utaona kwamba yote yamebadilishwa kazi. Moja limekuwa ukumbi wa karamu, makazi, ofisi, chuo, makumbusho. Jingine limekuwa hospitali ya kwenye mawazo, zahanati, nyumba za kupanga, gofu, kituo cha utamaduni. Kubadilishwa kazi hakukuliua hata moja. Jumba ni kama jahazi: leo hubeba tende, kesho mbao, keshokutwa abiria, na halizami kwa sababu ya kubadilisha shehena. Huzama likikosa wa kulikalafati. Kila pengo kati ya kazi na kazi, kila miaka ambayo milango ilifungwa na hakuna aliyejua ufunguo uko kwa nani, ndiyo miaka iliyokula mifupa. Zahanati ya Zamani iliokolewa kwa sababu alipatikana mtu mmoja wa kuulizwa habari za paa, naye akawahi. Beit al-Ajaib alipatikana wa kulitibu, lakini alifika mgonjwa akiwa mahututi.

Najua yuko msikilizaji anayetikisa kichwa. Anasema: bwana wee, nyumba za masultani na matajiri wa pembe zinatuhusu nini? Watoto wanakaa chini darasani, wewe unalilia roshani. Tena nyumba zenyewe zimejengwa kwa jasho la watu waliofungwa minyororo. Hoja hii ni nzito na siwezi kuipita kando. Utumwa ulikuwa halali Zanzibar mpaka mwaka 1897. Majumba yote mawili yalijengwa kabla ya hapo. Yamkini miongoni mwa mikono iliyobeba yale mawe kutoka ufukweni ilikuwamo mikono isiyolipwa.

Lakini hebu tufikiri pamoja. Majina ya wenye mali yameandikwa vitabuni, na yatabaki hata jiwe la mwisho likianguka. Wale waliobeba mawe, waliochoma chokaa kwa magogo ya minazi, waliokata boriti wakiwa wamezama matopeni mpaka kiunoni, hawakuandikwa popote. Ushahidi wao ni ukuta. Ukuta ukianguka, mwenye pesa anabaki na kitabu chake, na mbeba mawe hana alichobakiza. Mimi nalitunza jumba kwa ajili ya huyo wa pili. Na kuhusu watoto wanaokaa chini: vyumba vilivyomo katika majumba haya ni vyumba vilivyokwisha kujengwa. Nchi maskini inayoacha vyumba vyake vianguke ili ikope pesa za kujenga vingine haijafanya hesabu nzuri.

Yuko na mwingine mwenye jibu la haraka: wapeni wenye hoteli. Hoteli huleta fedha, na mwenye hoteli hupanda juu ya paa mwenyewe kwa kuwa mgeni hapendi kudondokewa na maji. Kuna ukweli. Mambo Msiige, jumba la Shangani la katikati ya karne ya 19, ambalo lilikwisha kuwa makazi, nyumba ya wamisheni, hospitali ya Wazungu na ofisi za serikali, lilifunguliwa kuwa hoteli kubwa mwaka 2015. Paa lake sasa lina mwenyewe. Lakini jengo jipya lililoongezwa ubavuni mwake lilizua malalamiko mpaka UNESCO, na mtoto wa Shangani anayetaka kujua wahenga wake walijengaje atasimama getini akitazamana na mlinzi. Nyumba imepona, mwenyeji ametolewa nje. Hiyo ni nusu ya dawa.

Kwa maoni yangu, kila jumba la zamani la umma linapobadilishiwa kazi, yaulizwe maswali matatu kabla ya utepe kukatwa. La kwanza: ni nani, kwa jina na kwa cheo, atakayeulizwa gata likiziba? La pili: je, kazi hii mpya inauzidi uwezo wa mifupa ya jengo? Dari iliyojengwa kubebea mazulia na wageni wachache si dari ya makabati ya chuma yaliyojaa mafaili. La tatu: mwananchi wa kawaida atapita mlango gani? Jumba likijibiwa maswali hayo matatu, liwe benki, liwe maktaba, liwe duka la dawa, litaishi.

Wala tusidhani habari hizi ni za Unguja peke yake. Hapa Dar es Salaam tunalo Boma la Kale, lililojengwa kwa matumbawe zama za Sayyid Majid, miaka ya 1866 na 1867, ambalo limekarabatiwa na sasa hueleza wageni na wenyeji historia ya majengo ya jiji hili. Mombasa, Lamu, Bagamoyo, Tanga, kila mji una jumba linalongoja. Mengi hayahitaji wafadhili kutoka ng'ambo wala mikutano ya siku tatu hotelini. Yanahitaji ngazi, ndoo, chokaa, na mtu aliyepewa jukumu lake kwa maandishi.

Na wewe mpangaji au mwenye nyumba unayenisikiliza, huenda huna jumba la kifalme. Una vyumba vyako viwili Magomeni au Majengo. Maji hayabagui. Kabla masika hayajaingia, omba ngazi kwa jirani, panda, tazama. Ukikuta tundu, liwe dogo namna gani, usiseme nitalifanya mwakani. Wale watu wawili wa Forodhani walitoka kwao asubuhi ile kwenda kutengeneza kilichochelewa kutengenezwa. Mwenyezi Mungu awarehemu. Ilikuwa deni la miaka mingi ya watu wengi, na waliolilipa ni wao.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.